Shangazi Hana Mwenza

Mwezi uliopita nilimsindikiza shangazi yangu, mkazi wa Magomeni tangu ujana wake, kwenda kufungua akaunti ya benki. Fomu ilikuwa ya Kiingereza, na kijana wa kaunta, kwa adabu na uvumilivu, akawa anamsomea swali mojamoja kwa Kiswahili na kumjazia majibu. Walipofika kwenye neno "spouse" akamuuliza, "Mama, mwenza wako anaitwa nani?" Shangazi akamtazama kama mtu aliyetukanwa. "Sina mwenza mimi, mwanangu. Nimeolewa peke yangu." Kijana akaandika kwamba hana, akaendelea na swali lililofuata, na hivyo mumewe, ambaye saa ile alikuwa nyumbani akisubiri chakula cha mchana, akafutika katika kumbukumbu za benki baada ya ndoa ya zaidi ya miaka 40.

Nilicheka njia nzima, lakini kadiri nilivyolifikiria jambo lile ndivyo nilivyozidi kuona kuwa aliyekosea si shangazi.

Neno "spouse" lina asili yake katika kitenzi cha Kilatini "spondere", yaani kuahidi kwa dhati. "Sponsus" na "sponsa" walikuwa mwanamume na mwanamke waliokwisha kuahidiana ndoa, wale ambao sisi tungewaita wachumba. Neno likapitia katika Kifaransa cha kale, likaingia katika Kiingereza, na leo maana yake ni mume au mke wa ndoa. Kutoka mzizi huohuo limekuja pia neno "sponsa" linalosikika mitaani kwetu, kwa maana ya mwanamume mwenye fedha anayemtunza binti asiye mkewe. Ni ndugu wa tumbo moja: mmoja amekwenda kukaa mahakamani, mwingine amebaki baa.

Hata Mwingereza halitumii neno hili akiwa sebuleni kwake. Ni neno la sheria, kodi, bima na uhamiaji, na faida yake kubwa ni kwamba linamtaja mume au mke bila kusema ni yupi. Kiswahili hakina wepesi huo. Kwetu mwanamume huoa na mwanamke huolewa, na ni pale tunaposema "wameoana" tu ndipo wote wawili wanaposimama sawa ndani ya kitenzi. Kwa hiyo simlaumu mfasiri wa fomu aliyejikuta anatafuta neno moja la kuwatosha wote, akaliokota "mwenza".

Ninachokilalamikia ni neno lenyewe aliloliokota. Tazama linavyofanya kazi mahali pengine: mwenyekiti mwenza ni mwenyekiti pamoja na mwenyekiti mwingine, mgombea mwenza husimama na mgombea mkuu katika karatasi moja ya kura, na mke mwenza ni mke pamoja na mke mwingine wa bwana yuleyule. Katika mifano hii yote "mwenza" ni mtu mliye naye upande mmoja. Mume hayuko upande huo, kwani hawezi kuwa mke pamoja na mkewe. Mwanamke wa Pwani aliyekulia katika nyumba ambamo habari za ukewenza zilizungumzwa jioni barazani, akiulizwa jina la mwenza wake, anaulizwa habari ya mwanamke mwingine, na shangazi alijibu swali aliloulizwa.

Najua wapo watakaosema kuwa lugha hukua, na kwamba vijana wa mjini wameshalizoea. Kweli, hata kadi za harusi zinazotufikia siku hizi, zile za dabo, zimeandikwa "wewe na mwenza wako", na hakuna anayeshtuka. Lakini kadi ya harusi ikikosewa utakosa kiti na sahani ya pilau tu, ilhali fomu ya benki, ya bima au ya mirathi ikikosewa kuna mtu atakosa haki yake. Isitoshe, tangu mwaka 2021 sheria imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini, kwa hiyo maneno haya hayatabaki midomoni mwa makarani peke yao.

Kuna kichekesho kingine. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inatambua ndoa ya mke mmoja na ndoa ya wake wengi, lakini fomu nyingi nilizowahi kuzijaza zina mstari mmoja tu wa jina. Bwana mwenye wake wawili huko Mbagala, akisoma "jina la mwenza", amwandike yupi, na yule asiyeandikwa aambiwe nini?

Mimi ningependelea "mwenzi wa ndoa" katika maandishi ya sheria, ingawa ni maneno mengi zaidi, na "mume au mke" katika fomu za kawaida, kwani hakuna mtu mzima atakayehitaji kufafanuliwa.

Wiki iliyofuata tulirudi benki kurekebisha. Kijana yuleyule akamuuliza, "Mama, jina la mume wako?" Shangazi akalitaja lote, la mumewe, la baba yake na la babu yake, hata mstari ukaisha na jina la tatu likaandikwa pembeni.