Ujuzi wa programu ukichacha, ununue kitabu gani?

Anayerudi kuandika programu baada ya miaka kumi hafanani na anayeanza. Anayeanza hajui, na anajua kwamba hajui. Anayerudi anajua mengi, na taabu yake imo humo humo: baadhi ya anayoyajua bado ni kweli, baadhi yamepitwa na wakati, machache yamegeuka hatari, na kichwani mwake yote yamepangwa rafu moja bila alama ya kuyatofautisha.

Mimi niliachana na PHP, lugha ya kuandikia tovuti, ilipokuwa kwenye toleo la 5, nikaingia kwenye kazi za kusimamia watu. Siku niliporudi nilifungua programu yangu ya zamani ya kusajili wanachama. Kwenye ukurasa wa kuingilia, jina alilojaza mtumiaji lilichukuliwa lilivyo, likaungwa katikati ya sentensi ya SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, kisha likatumwa kwa mysql_query, fanksheni (kipande cha msimbo kinachoitwa kwa jina) ya kupeleka swali kwenye hifadhidata. Mistari mitatu chini yake, nywila ilipitishwa kwenye md5, fanksheni ya kugeuza maandishi kuwa alama zisizosomeka, na kuhifadhiwa. Sikuyabuni hayo. Kitabu nilichojifunzia kilifundisha hivyo, tena kwa kujiamini.

Ile mysql_query ilijisema yenyewe. Ukoo wake wote wa fanksheni uliondolewa PHP 7 ilipotoka Desemba 2015, kwa hiyo programu ilifia mlangoni nami nikalazimika kuuliza kulikoni. Balaa lilikuwa md5. Hiyo ipo mpaka leo, ukiiita inaitika, haitoi onyo, na nywila zilizohifadhiwa kwayo hufumuliwa upesi mno na kompyuta za sasa. PHP ina password_hash, ya kuficha nywila kwa usalama zaidi, tangu toleo la 5.5 la mwaka 2013, ila asiyejua kwamba ipo ataitafutaje?

Tangu siku hiyo, kila kitabu cha kufufulia ujuzi nakipima kwa swali moja: je, kitanigombeza kwenye md5? Unene, jalada na nyota za wasomaji nitaviangalia baadaye.

Wanaotetea vitabu vipya wana hoja nzito. Chukua mtu aliyeiacha Java mwaka 2012. Mwaka 2014 ikaja Java 8 na lambda (fanksheni fupi zisizo na jina) na strimu (njia ya kuchakata orodha hatua kwa hatua), pamoja na java.time iliyokuja kuchukua nafasi ya zile klasi za tarehe zilizowatoa watu jasho, ambamo Januari ilihesabiwa kuwa mwezi wa 0. Kuanzia 2017 toleo jipya likawa linatoka kila miezi sita, na Java 21 ya Septemba 2023 ikaleta nyuzi pepe, zinazoiwezesha seva kuhudumia maelfu ya maombi kwa pamoja bila mwandishi kuusokota msimbo wake. JavaScript nayo ilivaa sura mpya mwaka 2015, kiasi kwamba aliyeiacha kabla ya hapo akifungua msimbo wa leo anaweza kudhani amekosea faili. Kwenye C++, auto_ptr, chombo cha kusimamia kumbukumbu ya kompyuta, iliyofundishwa kwenye vitabu vya mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilifutwa kabisa katika kiwango cha 2017. Kitabu cha mwaka 2005 juu ya lugha yoyote kati ya hizi hakijapungukiwa kurasa tu. Kinakuzoesha mambo ambayo itakubidi uje uyaache.

Lakini kipya kinyemi kingawa kidonda, na kidonda chenyewe kinaitwa fremuwaki, yaani kiunzi cha msimbo ulioandaliwa tayari ili ujengee programu yako juu yake. AngularJS, fremuwaki ya JavaScript, ilitoka mwaka 2010, watu wakaandika vitabu na watu wakavinunua. Septemba 2016 likaja Angular lililoandikwa upya, lisiloelewana na lile la kwanza, na kufikia mwisho wa 2021 AngularJS ikaachwa bila matunzo. Kwenye React, chombo kingine cha JavaScript cha kujengea kurasa, ujio wa Hooks, njia ya kuandika kwa fanksheni badala ya klasi, mwezi Februari 2019 ulivifanya vitabu vilivyojengwa juu ya klasi vionekane vya zamani, na baadhi vilikuwa havijamaliza hata miaka miwili dukani. Anayekimbilia kitabu cha fremuwaki inayovuma ili aonekane wa leo, baada ya muda mfupi atajikuta tena pale pale alipokuwa.

Kuna mtego mwingine mdogo unaowanasa hata wazoefu. Mwaka ulioandikwa kwenye ukurasa wa haki za uchapishaji unaweza kuwa wa chapa, si wa toleo. Chapa mpya ni karatasi mpya kwa maneno yale yale. Toleo jipya ni kazi ya kuandika upya. Soma dibaji: mwandishi aliyebadilisha kitabu chake kwa dhati hupenda kueleza alichokitupa na kwa nini. Dibaji ikikaa kimya juu ya hilo, rudisha rafuni.

Upande wa pili husema ya kale dhahabu, na nao hawasemi ovyo. Modeli ya majedwali inayobeba hifadhidata nyingi ilipendekezwa na Edgar Codd mwaka 1970, na aliyeielewa vizuri zamani hahitaji kuelezwa upya jedwali ni nini. Namna ya kugawa kazi kubwa katika fanksheni ndogo haikuchacha. Mfano unaonishawishi zaidi ni kitabu cha Martin Fowler kuhusu kusafisha msimbo uliokwisha kuandikwa, kinachoitwa Refactoring. Toleo la 1999 lilitumia mifano ya Java; toleo la 2018 limetumia JavaScript. Lugha imebadilishwa, hoja kuu imebaki: badilisha umbo la msimbo kwa hatua ndogo ndogo huku majaribio yakikulinda. Kitabu kinachoweza kuhama lugha bila kupoteza roho yake kina kitu ndani.

Nakubaliana nao mpaka hapo tu. Kile kitabu maarufu cha C cha Kernighan na Ritchie, ambacho toleo lake la pili ni la 1988, bado ni darasa la uandishi mfupi na safi. Hata hivyo kilitangulia kiwango cha C cha 1999 na vilivyofuata, kwa hiyo hakiwezi kukueleza kwamba gets, ile fanksheni isiyojali maandishi yanayoingia ni marefu kiasi gani, iliondolewa kwenye kiwango cha 2011. Vitabu vya ruwaza za usanifu (design patterns), yaani namna zilizozoeleka za kupanga msimbo, vya miaka ya 1990 navyo vina sura nzima za kujenga vitu ambavyo leo, kwenye lugha yenye lambda, ni mstari mmoja. Ukivisoma bila kujua hilo, utajenga nyumba nzima ya kuhifadhia kijiko.

Tena kuna jambo ambalo wapenzi wa vitabu vya kale hawalisemi, nami ni mmoja wao. Vinafariji. Mtu aliyejihisi amebaki nyuma hufungua kitabu cha zamani kinachoheshimika, akakutana na mawazo anayoyajua, akajisikia fundi tena. Ni raha halali, ila jioni ile hakuna alichokiondoa kichwani.

Halafu wapo wanaouliza: kitabu cha nini? Nyaraka rasmi zipo, tena bure. Python, kwa mfano, huambatanisha kila toleo na ukurasa unaoeleza kipya kilichoingia. Kwa aliyeachwa nyuma matoleo mawili au matatu, hoja hii inamaliza mjadala, asipoteze fedha. Kwa aliyeachwa miaka kumi mambo ni tofauti. Kurasa za mabadiliko humwambia kilichoongezwa, hazimwambii sana kilichopokelewa na watu na kilichoachwa kiote kutu. Atasoma vipengele hamsini kwa uzito ule ule, wakati vinane ndivyo vinavyotumika kila siku. Kazi ya mwandishi mzuri wa kitabu ni kuchagua, na hicho ndicho unachomlipa.

Wasaidizi wa akili mnemba nao hujibu vizuri wakiulizwa vizuri. Shida ya anayerudi ni kwamba maswali yake yamechacha pamoja na ujuzi wake. Akiuliza namna ya kurekebisha kosa kwenye msimbo wa mtindo wa zamani, anaweza kurekebishiwa kosa lile lile alilolitaja, kisha akabaki na msimbo wa zamani unaofanya kazi. Nawatumia kila siku, lakini baada ya kitabu, nikiwa na la kuuliza.

Basi kitabu gani? Watu wengi hununua kile kinene cha wanaoanza, kurasa elfu moja, kwa imani kwamba kuanza upya ni unyenyekevu. Sikishauri, na si kwa sababu kinachosha. Ni kwa sababu utaruka kurasa. Mtu yeyote aliyewahi kuandika kitanzi ataruka sura ya vitanzi, na sura ya namba ataipitia kwa jicho moja. Nilifanya hivyo nilipohamisha programu ndogo kutoka Python 2 kwenda Python 3. Ilikuwa na orodha ya rekodi inayogawanywa katika kurasa. Nilibadilisha print ikawa na mabano, kama kila mtu anavyojua, nikaiendesha, na chini ya skrini ikaandika kwa utulivu kabisa: ukurasa wa 2.5. Kwenye Python 2, 5 / 2 ni 2. Kwenye Python 3 ni 2.5, na anayetaka namba nzima huandika mkwaju mara mbili, 5 // 2. Nilipokirudia kitabu, jambo hilo lilikuwa kwenye sura niliyoiruka, katika aya moja fupi, limezungukwa na kurasa za mambo niliyoyajua tangu zamani.

Kitabu cha wanaoanza hakina kosa hapo, maana hakikuandikwa kwa ajili yangu. Kinamwambia mgeni kwamba 5 / 2 ni 2.5, naye anapokea. Mimi nilihitaji kuambiwa: wewe unayeamini ni 2, acha. Vitabu vyenye sauti hiyo ni vya ngazi ya pili, vile vinavyomchukulia msomaji kuwa anajua lugha na kumwelekeza: fanya hivi, usifanye vile, na sababu ni hii. Kwenye Java, Effective Java cha Joshua Bloch ndicho mfano unaojulikana. Kilitoka 2001, kikaandikwa tena 2008, na toleo la tatu, la mwaka 2018 hivi, lina sura nzima ya lambda na strimu. Lugha nyingi kubwa zina cha aina hiyo. Mara nyingi ni kurasa mia tatu au mia nne, na huhitaji kukisoma kwa mpangilio.

Kabla ya kununua, soma sampuli, lakini usianzie sura ya kwanza; sura ya kwanza hupambwa kama sebule ya wageni. Nenda kwenye faharasa. Tafuta nywila, tafuta tarehe, tafuta namna ya kuuliza hifadhidata. Kwenye hifadhidata, angalia kama neno la mtumiaji linaunganishwa na sentensi ya SQL kwa alama ya kujumlisha au linapitishwa pembeni kama kigezo. Ukiona kujumlisha, funga, maana hapo mtumiaji mwenye nia mbaya anaweza kupenyeza amri zake. Hata kama kitabu ni cha mwaka jana.

Anayebadili lugha kabisa, tuseme kutoka Perl kwenda Python au kutoka C++ kwenda Rust, kesi yake ni nyepesi zaidi: lugha ngeni itamkatalia mazoea yake mara nyingi bila kusubiri kitabu. Atafute kifupi kilichoandikwa kwa wanaojua programu tayari. Vya pembeni, kama Git, programu ya kutunza historia ya msimbo iliyoanza 2005, havihitaji kitabu kizima. Sura tatu za mwanzo na wiki moja ya kuharibu na kurekebisha zinatosha.

Mazoezi ya kitabu siyafanyi. Nachukua programu yangu ya zamani, naiweka upande mmoja wa skrini, na kila nikimaliza sura narudi kutafuta mstari ambao sura hiyo ingeukataa. Ile ya wanachama ilinichukua majuma matatu ya jioni. Kitabu changu cha kwanza cha PHP bado ninacho. Kwenye ukurasa wa md5 nimepiga mstari mwekundu wa kalamu nzito, na pembeni nimeandika mwaka, kwa ajili ya atakayekiazima.