Snob alikuwa fundi viatu: maneno ya kale ya Kiingereza yana faida gani?

Kila mtu akiposti asili ya neno la Kiingereza lazima ubishi uzuke, kundi moja linasema hiyo ndo maana ya kweli na nyie wote mnalitumia vibaya, kundi lingine linauliza makorokoro ya kale yatatusaidia nini wakati hata Kiingereza cha leo hakijatukaa vizuri. Mi ntachukua maneno ya viatu tu, huko ndo nimechimba kidogo, na naona kila upande una sehemu yake ya kuteleza.

Wanaopenda ya kale wana silaha moja nzito, neno cordwainer. Leo hata Waingereza wenyewe wengi ukiwauliza watakukodolea macho. Linatokana na Córdoba, mji wa Hispania uliosifika kwa ngozi nzuri, kwa hiyo cordwainer ni fundi anayetengeneza kiatu kipya kwa ngozi mpya, na cobbler ni yule wa viraka, wa kushona kilichoachia na kubadili soli. Utasema si wote mafundi viatu tu? Kwetu ndo ilivyo, anayekushonea kubazi mpya na anayekupigia gundi raba iliyoachama wote tunawaita fundi viatu na maisha yanaenda. London ya zamani haikuwa hivyo, cordwainer walikuwa na chama chao chenye kanuni tangu 1272, wakapata hati ya mfalme 1439, na cobbler alikuwa haruhusiwi kutumia ngozi mpya. Yaani maneno mawili yale yalikuwa yanaamua nani anakula nini mjini. Ukilifuta cordwainer unabaki unasoma habari za mafundi wanagombana na huelewi wanagombania nini, wote si wanashona viatu?

Halafu kuna Shakespeare. Mchezo wa Julius Caesar, ule ambao Mwalimu Nyerere aliutafsiri 1963, unaanza na fundi viatu barabarani, mkubwa mmoja anamuuliza kazi yake nini, jamaa anajibu yeye ni cobbler, mkubwa anafoka na kurudia swali lile lile. Msomaji wa leo anashangaa, si ameshajibiwa? Ila enzi zile cobbler ilimaanisha pia mtu wa kulipualipua kazi yoyote ile, kwa hiyo mkubwa kasikia "mi ni mlipuaji tu" na kazi yenyewe bado hajaijua. Bila ile maana ya kale huo utani hauuoni kabisa, unabaki kujiuliza huyu mzee anafoka nini.

Sasa hapo ndo wapenda ya kale hunogewa wakageuka polisi, na mi hapo nawaacha.

Chukua snob. Mwishoni mwa miaka ya 1700 lilikuwa neno la mtaani la fundi viatu, basi. Wanafunzi wa Cambridge wakalichukua kuwaita watu wa mjini wasio wanachuo, likateleza likawa mtu wa tabaka la chini, kisha mtu wa chini anayejifanya wa juu, na leo ni mtu anayewadharau walio chini yake. Yaani limepanda ngazi lote, toka anayedharauliwa mpaka anayedharau! Mimi nalipenda kwa sababu ya safari hiyo, ila nani leo atamwita fundi wake snob halafu amwambie usikasirike, ni maana halisi? Kibaya zaidi kuna ile hadithi inayozunguka kwamba ni kifupisho cha Kilatini cha "asiye na ukabaila", imesambaa kweli na haina ukweli. Sabotage, yaani hujuma, hivyo hivyo, watu wanasimulia wafanyakazi wa Ufaransa walivyotupa viatu vyao vya mbao kwenye mashine, tamu hiyo, lakini ushahidi unaelekea kwenye jambo la kawaida tu, kwamba kitenzi chao kilichotokana na jina la viatu hivyo kilimaanisha kufanya kazi ovyo, kama mtu anayekokota viatu vya mbao. Asili ikiwa tamu mno mi huanza kuitilia shaka.

Na kama maana ya kwanza ndo ya kweli, basi soksi ulizovaa ni viatu. Ndiyo, kwa Kiingereza cha kale socc ni kiatu chepesi cha ndani, limetoka kwa Warumi ambao waigizaji wao wa vichekesho walivivaa jukwaani. Anayeshikilia maana halisi atoke nazo hivyo hivyo masika hii tumwone.

Ila hawa wa "ya kale hayanihusu" nao wasichekelee. Nenda mtumbani, chuchumaa, geuza kiatu usome namba. Ile hatua kutoka UK 8 kwenda UK 9 ni theluthi moja ya inchi, kama milimita 8.5, na kipimo hicho Waingereza wanakiita barleycorn, punje ya shayiri, kwa sababu zamani punje tatu zikipangwa kwa urefu zilihesabiwa inchi moja. Namba za Ulaya zinakwenda kwa theluthi mbili za sentimita, ndo maana muuzaji akikwambia UK 8 ni sawa na 42 anakukadiria tu. Neno lenyewe wanunuzi wamelisahau zamani, punje bado iko chini ya soli inakupimia mguu, umeijua hujaijua. Juzi nimechukua 8 kwa sababu bei ilikuwa nzuri, mguu wangu ni 9, nikajiambia tofauti yenyewe punje moja tu ya shayiri. Kidole cha mwisho hakijakubaliana na mimi mpaka leo.