Shafti ikikatika usikimbilie tu 4340

Jamani kuna hii tabia, shafti ikikatika tu, wa kwanza kufungua mdomo anasema "tuweke 4340", yaani ile gredi ya chuma cha aloi iliyo ghali zaidi, hakuna aliyeangalia imekatikia wapi, hakuna aliyeuliza ile ya mwanzo ilipikwa vipi, yaani ilipashwa moto na kupozwa namna gani, ni 4340 tu basi. Mi naona mara nyingi hela ya ziada inaenda bure.

4140, gredi nyingine ya chuma cha aloi, na 4340 ni ndugu kabisa. Zote zina kaboni kama asilimia 0.40, na kaboni ndo inaamua chuma kikizimishwa, yaani kikipashwa moto sana kisha kupozwa ghafla kwenye oili, kitafikia ugumu gani, kwa hiyo ngozi ya juu zinakaribiana sana. Tofauti iko ndani. 4340 imeongezewa nikeli asilimia 1.65 mpaka 2, na hiyo nikeli ikisaidiana na kromi na molibdenamu inafanya ugumu uzame mpaka katikati hata kipande kikiwa kinene, wakati 4140 ikiwa nene hivyo katikati inapoa polepole mno na inabaki laini. Sasa pini yako ni milimita 25, oili inaipoza mpaka ndani bila taabu, nikeli unailipia ya nini? Shafti ya milimita 150 inayopigwapigwa na mzigo siku nzima, hapo sibishi, na kwenye baridi kali pia sibishi, maana nikeli inasaidia chuma kisipasuke ghafla.

Halafu kuna wanaobadilisha gredi eti shafti inanesa ikibeba mzigo. Hapo ndo nachoka kabisa. Kunesa hakujui gredi, chuma cha kawaida na cha aloi vyote modulasi yake, yaani kipimo cha kukataa kunesa, iko kwenye GPa 200 na kitu, ukiweka ghali zaidi itanesa vilevile. Ongeza kipenyo, asilimia 10 tu na uimara wa kutonesa unapanda kama asilimia 46, au sogeza beringi.

Kabla ya kuagiza chochote okota vile vipande viwili uangalie uso wa mkatiko kwenye mwanga. Ukiona sehemu laini yenye mistari ya nusu duara, inayoanzia kwenye kona ya mfereji wa kii (ule mtaro wa kipande kinachofunga gia au puli kwenye shafti) au pale kipenyo kinapobadilika, kisha upande wa pili kakipande kadogo kenye chenga chenga, huo ni uchovu wa chuma, ufa ulikuwa unatembea taratibu muda mrefu na kale kakipande ndo kalikuwa kamebeba mzigo wote siku ya mwisho. Tatizo ni kona kali. Mwambie fundi anayekereza aizungushe ile kona na aisafishe alama za kisu, maana ukirudisha kona ileile kwa chuma kigumu zaidi unaweza kuharibu zaidi, chuma kadiri kinavyokuwa kigumu ndo kinavyozidi kuchukia mikwaruzo na kona.

Gia ni habari nyingine, pale unataka meno magumu juu na kiini kisichovunjika, kwa hiyo chukua gredi ya 8620 yenye kaboni asilimia 0.20 tu, unailisha kaboni kwenye tanuru, juu inafika HRC (kipimo cha ugumu cha Rockwell) 58 mpaka 62 na ndani inabaki na ustahimilivu wake. Na kama kitu kitachomelewa fikiria mara mbili kabla ya kuchagua hizi za 0.40, bila kuzipasha moto kwanza nyuzi 200 na zaidi na kuziacha zipoe taratibu, nyufa zinatokea pembeni ya weldi, wakati mwingine kesho yake.

Kinachonikera zaidi ni oda zinazoandikwa namba peke yake. 4340 iliyolainishwa ikaingia kazini hivyohivyo ni dhaifu kuliko 4140 iliyozimishwa na kupashwa tena vizuri kwa moto wa wastani ili isivunjike kirahisi, yaani umelipa zaidi upate kidogo. Andika na hali yake, "4140, imezimishwa na kupashwa tena, HRC 28 hadi 32", halafu mzigo ukifika pima ugumu kabla haujapanda kwenye mashini.