Fisi Mgongoni mwa Mshenga

Rangi ya enameli haina haraka na mtu. Ndiyo aliyoanza nayo kuchora Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, mwaka 1968 pale Oysterbay: rangi ya baiskeli juu ya hadibodi. Inang'aa, haichuji, lakini masika usiiulize itakauka lini.

Nilikuwa nimemchora fisi anaendesha baiskeli, miwani puani, meno yote nje, mbuzi kamfunga kwenye keria. Mandhari hutangulia: bluu juu, nyeupe chini, unazikutanisha kwa brashi pana zingali mbichi mpaka usijue moja inaishia wapi. Zikikauka ndipo anakuja mnyama. Madoa ni ya mwisho. Hayo siyapaki, nayadondosha kwa ncha ya kijiti, tone baada ya tone, yanabaki yametuna ubaoni. Na doa la enameli ni nafiki: juu limeshika ngozi, ndani bado uji.

Mteja akapiga simu. Ndege yake usiku huohuo, yuko gesti Kariakoo, anamtaka fisi wake. Basi nikapanda daladala, uso wa picha nimeugeuza nje usiguse shati langu. Mbele yangu kasimama mzee wa kanzu nyeupe, imepigwa pasi hadi inakata.

"Sogea nyuma, nyuma kuna nafasi!" Konda huyo. Nafasi gani? Dereva akakanyaga breki, gari zima likahamia mbele, na mimi na fisi wangu tukamwangukia mzee. Nilipojitoa, ubao ukabanduka kama plasta kwenye kidonda.

Mgongoni: fisi mzima, na mbuzi wake. Baiskeli tu ndiyo ilikuwa imegeuza, sasa inaelekea Msasani.

Abiria mmoja akacheka. Mzee akageuka. "Kuna nini?"

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimeuliza kuna nini."

Kumbe ni mshenga, anakwenda Ilala kumposea mpwawe. Nikamwambia rangi hii hutoka kwa petroli. Akanitazama. "Niende kuposa nanuka petroli? Twende wote, ukaeleze mwenyewe."

Njiani alinipangia mkakati: yeye ataingia kinyumenyume, ataketi ameegemea ukuta, hainuki mpaka mambo yaishe. Aliingia hivyo kweli. Wenyeji wakadhani ni adabu za kwao. Mimi nikaketi jirani na mlango, nimekumbatia ubao, simu ya mteja inatetemeka mfukoni.

Mzee anajua kusema, nakiri. Alisifu nyumba, akasifu malezi, akapunguza mahari bila mtu kuona akipunguza. Lakini kila alipofika penye utamu alijisugua ukutani kwa msisitizo, na mimi roho inanidunda.

Dua ikasomwa, watu wakainuka. Mzee naye kwa furaha akasahau, akainuka na kumkumbatia baba wa binti.

Ukutani, juu ya rangi ya maziwa, alibaki fisi wa tatu. Amefifia miguuni, ila miwani iko wazi kabisa.

Kimya. Mama mwenye nyumba akasogea, akagusa kwa kidole, akakitazama kidole.

"Ukuta huu tumeupaka juzi," alisema, "kwa ajili ya ugeni wenu."

Mzee akameza mate. "Uandikeni kwenye mahari."

"Na mbuzi?"

"Mbuzi gani tena?"

"Huyu hapa kwenye keria," akasema mama. "Mmeshamwonyesha, mtamleta."