Mtawa aliyeumwa kichwa

Kila tarehe 2 Juni, saa sita mchana, ving'ora hulia Bulgaria nzima na watu husimama kimya pale walipo. Wanamkumbuka Hristo Botev na wote waliokufa wakipigania uhuru. Ni rahisi kumpenda Botev. Alikuwa mshairi, na mwaka 1876 alijipakia na wenzake wapatao 200 kwenye meli ya Radetzky, mto Danube, wakijifanya watunza bustani. Katikati ya safari wakatoa silaha, wakamlazimisha nahodha awashushe Kozloduy, ukingo wa Bulgaria. Siku chache baadaye risasi ikammaliza, akiwa na miaka 28.

Simnyimi haki yake. Ila mimi ukiniuliza vita ile ya uhuru ilianzia wapi, nitakurudisha nyuma zaidi ya miaka mia, hadi Mlima Athos, rasi ya nyumba za watawa huko Ugiriki, kwa Paisiy, mtawa wa nyumba ya Hilendar, aliyemaliza kitabu chake cha historia mwaka 1762. Mwenyewe anatueleza kwamba alikiandika huku akisumbuliwa na kichwa na tumbo.

Wabulgaria wakati huo walikuwa na mabwana wawili: sultani wa Waturuki, na maaskofu wa Kigiriki walioshika kanisa. Waliojiona wameelimika waliona fahari kusema Kigiriki. Paisiy hakuanza na sultani; alianza na hao. Aliwaita wapumbavu, akawauliza kwa nini wanaona haya kuitwa Wabulgaria na kusoma kwa lugha yao. Kama historia, kitabu kina chumvi nyingi, wafalme wa kale wanang'aa kupita kiasi. Lakini aliyezoea kudharauliwa hakombolewi kwa tanbihi.

Na hakikuchapwa mpaka mwaka 1844, tena kikiwa kimebadilishwa. Miaka yote hiyo kilinakiliwa kwa mkono. Mwaka 1765 padri mmoja wa mji wa Kotel, ambaye baadaye alijulikana kama Sofroniy wa Vratsa, alikinakili chote. Wengine wakafuata, makasisi na walimu, wengi wao hata sanamu hawana. Hao ndio ninaowaonea wivu zaidi ya mashujaa wa farasi na bendera.

Mwaka 1870 sultani alikubali Wabulgaria wawe na kanisa lao. Dola yao ilirudi 1878, miaka minane baadaye, lugha ilitangulia.

Na yule Botev? Alikuwa mtoto wa mwalimu. Baba yake, Botyo Petkov, alisomesha watoto wa Kalofer, kwa Kibulgaria.