Acheni Ugomvi wa Kwotabeki, Tazameni Watano Wanaomkinga

Ni Agosti 2025, kambi ya mazoezi ya Boulder haijakolea na tayari mashabiki wa timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo Kikuu cha Colorado wamegawanyika vyama viwili kuhusu nani awe kwotabeki, yaani mrushaji anayeongoza mashambulizi. Chama cha Julian Lewis kina ilani yake: klipu ya sekunde chache, kijana anarusha mpira mrefu, unatua mikononi mwa mtu, muziki unapanda, basi. Chama cha Kaidon Salter nacho kina klipu yake. Katika klipu zote mbili hakuna mkabaji hata mmoja anayemkimbilia mrushaji. Mtu kasimama na mpira wake kwa raha zake, kama anangoja daladala.

Kwa klipu hizo ndugu wamenuniana. Wengine wameshaandika hadi idadi ya tachidauni, yaani mabao, za Novemba.

Nashangaa tumesahau upesi hivi. Shedeur Sanders, kwotabeki wetu wa misimu miwili iliyopita, aliangushwa na mpira mkononi mara 52 mwaka 2023. Mwaka 2024, timu ikiwa nzuri kabisa, imeshinda mechi 9 na kupoteza 4, aliangushwa mara 42. Jumla ni 94 ndani ya misimu miwili, na huyo ni mtu aliyekamilisha asilimia 74 ya pasi zake mwaka jana, yadi 4,134, tachidauni 37. Katika mbio tulipata wastani wa yadi 65.2 kwa mechi, wa mwisho nchi nzima, wa 134 kati ya timu 134. Mkimbiaji aliyeongoza kikosi hakufikisha yadi 400 kwa msimu mzima. Kuna wakimbiaji wanaozipata hizo kwa mechi mbili.

Haya, nitakubali mambo mawili kabla hamjanirukia. Kwanza, mpira wa vyuo unakata yadi za kwotabeki kuangushwa kutoka kwenye hesabu ya mbio, si ya pasi kama NFL, ligi ya kulipwa, kwa hiyo ile 65.2 ni mbaya kuliko hali halisi. Kidogo. Pili, Shedeur mwenyewe alikuwa na tabia ya kurudi nyuma na kuzunguka akitafuta bao la televisheni badala ya kuutupa mpira nje. Sehemu ya zile 94 ni mzigo wake. Lakini hata ukimwondolea theluthi nzima, bado zinabaki zaidi ya 60, na chanzo chake hakikuhamia naye Cleveland alikokwenda kucheza NFL.

Sasa tuizungumze safu ya mbele, maana ndiyo msimu wenyewe: watano wanaomkinga kwotabeki, yaani senta katikati, gadi wawili kando yake, na wawili wa pembeni.

Chukua mchezo mmoja tu. Dauni ya 3, yaani jaribio la tatu kati ya manne ya kusogea yadi 10, zimebaki yadi 8, kila mtu uwanjani anajua ni pasi. Upande wa kulia wakabaji wawili wanavukana: wa nje anachoma ndani kuelekea bega la gadi, wa ndani anasubiri kidogo halafu anazunguka nyuma yake na kutokea nje. Gadi akimng'ang'ania mtu wake na kumfuata, atagongana na mwenzake wa pembeni, na hapo wamejizuia wenyewe. Mkabaji anapita kama mlango wa hoteli. Kinachotakiwa ni kupokezana. Wa pembeni anamsindikiza mtu wake ndani kwa mkono mpaka gadi amguse, anamwachia, kisha anarudisha macho nje kumpokea anayezunguka. Gadi naye vivyo hivyo kwa upande wake. Yote hayo ndani ya sekunde 2 na nusu, bila kusema neno.

Na ili kupokezana kuwezekane, wawili hao lazima wawe wamerudi nyuma kwa kina kilekile. Hapa ndipo kunapoharibika. Wa pembeni akirudi nusu hatua zaidi ya gadi, pengo linafunguka kati yao na anayechoma ndani analijaza kabla mkono wa gadi haujafika. Ukiangalia marudio ya mechi ya Alamo Bowl dhidi ya BYU, ile ya 36 kwa 14, usiutazame mpira. Tazama miguu ya watano wale. Hawako mstari mmoja.

Nusu hatua ile haipatikani gym, wala hailetwi na nyota za viwango vya usajili zilizoandikwa mbele ya jina la mchezaji. Inapatikana kwa watu walewale wawili kusimama bega kwa bega mara elfu, mpaka mmoja ajue mwenzake anavuta pumzi lini. Ugenini ndiyo usiseme: kelele zikizidi, kwotabeki hasikiki, gadi ndiye anayetazama nyuma na kumgonga senta, senta anatikisa kichwa, halafu mpira unatoka. Wa pembeni anausikia mpira kwa macho. Akichelewa robo sekunde, mkabaji keshampita bega, na kilichobaki ni kumshika jezi na kulipa yadi 10.

Na sisi tumefanyaje? Tumekwenda potali tena, kule wachezaji wanakohamia kutoka chuo kimoja hadi kingine. Xavier Hill kutoka Memphis, Zylon Crisler kutoka Illinois, Larry Johnson III kutoka Tennessee, Mana Taimani kutoka Ole Miss, Zarian McGill kutoka Louisiana Tech. Mmoja mmoja, sina ugomvi na hata mmoja wao. McGill kama senta napenda anavyosoma safu ya wapinzani. Shida ni kwamba watu hawa wametoka vyuo vitano, na kila chuo kina majina yake ya kuitana na hesabu yake ya hatua, na kocha wao wa safu hapa ni wa tatu katika miaka mitatu: Bill O'Boyle 2023, Phil Loadholt 2024, sasa Gunnar White. Mazoezi ya masika kisheria ni 15 tu, kisha kambi ya Agosti. Unamfundisha mtu lugha mpya Machi, unamtaka atunge shairi Agosti 29.

Jordan Seaton ndiye pekee niliye na amani naye. Alisajiliwa kutoka IMG Academy akiwa kati ya vijana wa safu ya mbele waliotafutwa sana nchini, akapewa upande wa kushoto mwaka wake wa kwanza na hakuutoa. Mwaka wa pili atakuwa bora zaidi. Lakini upande mmoja uliofungwa vizuri kazi yake ni kuwaonyesha wapinzani mlango wa upande wa pili.

Mtasema potali ilitufikisha kwenye mechi 9. Ni kweli, na nitalisema kwa meno yaliyokazwa: kwa wapokeaji, potali inafanya kazi. LaJohntay Wester alitoka Florida Atlantic, Will Sheppard akatoka Vanderbilt, wakang'ara mwaka huohuo. Mpokeaji anahitaji kuijua njia yake na kuelewana na mtu mmoja. Ndiyo maana sina wasiwasi mwaka huu. Omarion Miller na Drelon Miller wapo, Joseph Williams kaja kutoka Tulsa, mpira utapokelewa. Mtu wa safu ya mbele anahitaji kuelewana na wanne, na mwili wenyewe unajengwa miaka miwili mitatu: kijana anatoka sekondari na kilo 120, unamlisha, unamfundisha kukaa chini kwa nyonga, anakalia benchi mwaka, wa tatu anaanza. Safu nzuri zinapandwa kama minazi.

Na usajili wetu wa sekondari ni wa bustani ya dirishani. Darasa la waliosajiliwa 2025 lina vijana chini ya 20. Kocha mkuu Deion Sanders, anayeitwa Prime, tangu aje Boulder hasafiri kwenda majumbani mwa vijana. Anataka wamfuate yeye. Kwa mpokeaji au beki wa pembeni hiyo inatosha, kila kijana wa nafasi hizo anaota kupiga picha na Prime. Kijana mnene wa safu ya mbele hafuati kamera, na mama yake ana maswali kuhusu chakula, masomo na magoti. Anayekwenda kuyajibu sebuleni mara nne ndiye anayeondoka na saini.

Jambo lingine ambalo halizungumzwi: ile hukumu ya Juni 6 ya kesi ya House, iliyoruhusu vyuo kuwalipa wanamichezo wake. Kikomo cha skolashipu 85 kimeondoka, kikosi sasa ni watu 105 mwisho, na chuo kinaweza kugawa hadi dola milioni 20.5 kwa wanamichezo wake mwaka huu wa kwanza. Watu wametazama fedha tu. Mimi natazama 105. Zamani timu ilijaza mazoezi kwa vijana wasio na skolashipu, na wengi wao walikuwa hawa wanene wa kuigiza safu ya wapinzani kila Jumanne. Sasa kila nafasi ina hesabu. Ukibakiwa na watu 16 wa safu ya mbele na watatu wakateguka vifundo kufikia Oktoba, huwezi hata kupata vikundi vitatu vizima vya watano vya kufanyia mazoezi ya kupokezana niliyoyaeleza. Unaanza kupumzisha watu, na mazoea yanapotea.

Benchi la ufundi nalo. Tuna Sanders mwenyewe, tuna Warren Sapp, na mwaka huu kaongezwa Marshall Faulk kuwafundisha wakimbiaji. Wote watatu wako kwenye Ukumbi wa Heshima wa mpira wa kulipwa. Na kati yao hakuna hata mmoja ambaye kazi yake kuu ilikuwa kumzuia mtu asimfikie kwotabeki. Faulk anaweza kuwafundisha vijana subira, macho na mguu wa kukata kona. Pa kupita, huwezi kufundisha. Panafunguliwa na wengine.

Kwa hiyo tukirudi kwenye vyama vyenu viwili: nani aanze? Salter, na wala si kwa sababu ya mkono wake. Ukiwa na kwotabeki anayeweza kukimbia, unaweza kumwacha mkabaji mmoja wa pembeni bila kumzuia kabisa, ukamsoma tu. Akifuata mkimbiaji, kwotabeki anabaki na mpira na kuzunguka nje. Akibaki nje, mkimbiaji anapewa. Mtu mmoja wa wapinzani ameondolewa mchezoni bila kuguswa, na watano wako sasa wanagawana watano badala ya sita. Kwa safu isiyojuana, huo ni mkopo usio na riba. Mwaka 2023 pale Liberty Salter alirusha tachidauni 32, akanaswa pasi 6 tu, na akakimbia yadi 1,089. Najua, ratiba ya Liberty ilikuwa laini kama uji, na Oregon waliwachapa 45 kwa 6 kwenye Fiesta Bowl. Bado, miguu ni miguu.

Hofu yangu ni Pat Shurmur. Mratibu huyu wa mashambulizi ni mtu wa NFL, anapenda kwotabeki asimame nyuma na kusoma uwanja. Akimchukua Salter na kumchezesha kama Shedeur, tutakuwa tumenunua trekta la kuendea harusini.

Lewis ni lulu, sibishi. Kutoka Carrollton, Georgia, aliwaacha USC Novemba akaja kwetu, na alijisogeza mbele darasa moja, kwa hiyo kwa kawaida angekuwa bado sekondari. Ndiyo sababu kubwa zaidi ya kumtunza. Sheria inamruhusu kucheza mechi 4 bila kupoteza mwaka mmoja wa haki yake ya kuchezea chuo. Zitumieni: dakika za mwisho dhidi ya Delaware, nyingine dhidi ya Wyoming, mbili ziwekwe akiba kwa Novemba. Anayetaka kumsukumiza nyuma ya safu hii Agosti hampendi kijana, anapenda klipu.

Upande wa ulinzi nitapita haraka kwa sababu mratibu wake, Robert Livingston, anajua kazi yake. Mwaka wake wa kwanza alishusha pointi tunazofungwa kutoka karibu 35 kwa mechi hadi kama 23. Pengo la Travis Hunter halizibiki, tusidanganyane, lakini DJ McKinney yupo, Jeheim Oatis kutoka Alabama ni ukuta wa katikati, na Tawfiq Byard kutoka South Florida (jina la mtaani kwetu kabisa) anapiga kwa nguvu inayosikika jukwaani.

Kuhusu kocha mkuu: Julai 28 alitangaza mwenyewe kwamba alikutwa na saratani ya kibofu, kibofu kikaondolewa, na daktari wake akasema amepona. Mtu amepitia hayo majira haya ya joto na bado asubuhi yuko uwanjani. Nimeona waliotumia habari ile kutunga utani. Mimi nampinga kwenye usajili mwezi mzima na nitaendelea kumpinga, ila kwa hilo namwombea afya na sina la kuongeza.

Ukinibana nitoe namba, nasema ushindi 6. Wa 7 utapatikana kama Seaton hataumia. Hata hiyo 6 inategemea upande wa kulia.

Georgia Tech wanakuja Folsom Field Ijumaa, Agosti 29. Hawa ndio tuliogawana nao ubingwa wa 1990, sisi kwenye kura za waandishi, wao kwenye za makocha, na hadi leo wakiamka wanaitaja ile dauni ya 5 tuliyopewa kimakosa dhidi ya Missouri. Kwotabeki wao, Haynes King, atakimbia, tutaumia kidogo, sawa. Ila dauni ya 3 ndefu ya kwanza ikifika, achana na mpira na umtazame gadi wa kulia. Akiwa ameukunjua mkono wake kumtafuta mwenzake wa pembeni, kaa utulie uangalie mechi. Ukiona mgongo wa namba yake, yaani ameshageuka kumfukuza mtu aliyempita, weka chai, itakuwa ndefu.