Kiharusi hakizuiwi kwa kushusha sukari peke yake

Mzee kaamka alfajiri jasho linamtiririka, ulimi mzito, mkono wa kulia umelegea. Nyumba nzima inajua ni kiharusi. Anachomwa kidole: sukari imeshuka mno, 2.2 mmol/L. Anapewa glukosi, na muda si mrefu anauliza watu wanalia nini. Jana usiku alimeza dawa zake zote za kisukari kama alivyoagizwa, ila chakula alikigusa tu.

Ndiyo maana hunikereketa kusikia mgonjwa wa kisukari aliye katika hatari ya kiharusi akihimizwa ashushe sukari kadiri awezavyo. Wanaohimiza hivyo wana hoja nzito. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya damu. Utafiti wa UKPDS wa Uingereza, uliotoa matokeo mwaka 1998, ulionyesha kuwa wagonjwa wapya waliobanwa sukari mapema walinusurika zaidi na madhara ya macho na figo. Miaka 10 baadaye, hata mshtuko wa moyo na vifo vilikuwa vimepungua kwao.

Lakini kiharusi? Hapo kubana sukari hakukuonyesha nafuu ya uhakika. Kilichofanya kazi katika utafiti uleule ni presha: waliofikishwa wastani wa 144/82, wenzao wakibaki 154/87, walipata viharusi pungufu kwa asilimia 44. Pointi 10 tu za namba ya juu!

Kisha ukaja utafiti wa ACCORD, Marekani na Kanada, wenye washiriki 10,251 ambao wengi walikuwa na umri mkubwa na mioyo iliyo hatarini. Kundi moja lilitakiwa kushusha HbA1c, yaani wastani wa sukari wa miezi mitatu, chini ya asilimia 6. Februari 2008 ubanaji huo ulisitishwa: vifo 257 dhidi ya 203 vya kundi lililolegezewa.

Kwa hiyo kijana aliyegundulika juzi na abanwe, asilimia 7 au chini yake. Mzee aliyekwisha kupigwa na kiharusi, anayesahau kula na anatumia insulini, mimi ningemwachia 8 bila wasiwasi. Dawa mpya za kisukari za jamii ya GLP-1 zinapunguza mvutano huu, kwani mojawapo, dulaglutide, ilipunguza viharusi katika utafiti wa REWIND wa 2019, na zikitumika peke yake ni nadra kuangusha sukari.

Nikishika kadi ya mgonjwa wa namna hii, natazama kwanza safu ya presha. Mara nyingi naikuta tupu, na ile ya sukari imejaa hadi pembeni.